Siku Baba Alipomsalimia Kulungu

Mama yangu alizikwa na bega la mtu mwingine. Nieleze haraka, kabla hamjaniona nimerukwa na akili. Kwetu Lubumbashi mtu akifariki, kitu cha kwanza kinachotafutwa, hata kabla ya jeneza, ni picha yake. Uso mkubwa ndani ya fremu unawekwa mbele ya matanga, unatangulia kwenye gari hadi makaburini, unachapwa kwenye fulana za wajukuu. Tulipoitafuta picha ya mama hatukuipata. Zilikuwepo za kitambulisho, ndogo kama kucha, na moja ya Krismasi ambayo amefumba macho. Mwishowe binamu yangu akamkata kutoka kwenye picha ya harusi ya watu, akaikuza, na chini ya sikio la mama likabaki bega la mwanamke tusiyemjua, lenye gauni la waridi. Siku zote za matanga watu walilia mbele ya lile bega.

Ingekuwa familia nyingine, watu wangesema ni bahati mbaya tu. Lakini baba yangu alikuwa mpiga picha. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa na studio mtaa wa Kamalondo, yenye pazia la bluu na kigoda kimoja, na nusu ya mji ilikalia kile kigoda: wachumba, watoto wa komunyo ya kwanza, wafanyakazi wa mgodi, wanawake waliotaka mume aliye safarini aone kwamba bado wamenona. Aliwapiga wote. Mkewe, aliyekuwa akimletea chai pale studio kila siku saa kumi, hakumpiga hata mara moja.

Baada ya matanga alifunga studio na kugawa vifaa vyake kama mtu anayegawa nguo za marehemu. Hakugusa kamera tena. Tena akawa hataki kupigwa yeye mwenyewe. Ukiinua simu anageuza shingo. Ukimbembeleza anatoka chumbani. Ndugu zangu walizoea, wakasema mzee ana vituko. Mimi sikuzoea.

Alipokuja kunitembelea Brussels kwa miezi mitatu, nilikuwa na jambo moja moyoni na sikumwambia mtu. Nilitaka picha yake. Moja tu, nzuri, macho wazi, bila bega la mtu. Alikuwa anakaribia miaka themanini, daktari alishamkataza ngazi, na mimi binti yake naishi Schaerbeek ghorofa ya tatu bila lifti. Kila akipanda alisimama mara nne, akijifanya anasoma majina kwenye milango ya majirani. Mimi nikisimama nyuma yake na mifuko ya sokoni, nilisikia pumzi yake na nikajua. Angerudi Lubumbashi, na huenda nisingemwona tena akiwa hai. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa, najua pumzi za wazee.

Basi nikaanza kumwinda. Asubuhi akinywa chai, akaweka gazeti la bure la metro mbele ya uso. Kwenye tramu, akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Bustanini nilijidai napiga maua, naye akajidai anasoma kibao cha mbwa wasiingie. Mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa na picha kumi na saba za kofia yake. Ni kofia nzuri, ya kijivu, yenye utepe mweusi, lakini mtu haweki kofia mbele ya matanga.

Aliyetutoa hapo alikuwa padri mmoja mzee, Mbelgiji, aliyewahi kuwa paroko karibu na studio ya baba. Siku hizi anaishi na mapadri wenzake waliostaafu huko Berchem-Sainte-Agathe, na Kiswahili chake ni cha Katanga ya zamani, kimetunzwa vizuri kuliko changu. Jumapili alikuwa anakuja kwangu kula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na yeye na baba walikuwa wakiwataja wafu wao mmoja mmoja mpaka sahani zipoe. Jumapili moja mwishoni mwa Septemba alifuta midomo akasema:

"Papa, huku kwetu kuko nyama moja ya mapembe kama matawi ya muti. Cerf, kulungu ya huku. Mu automne, majani ikianguka, ile dume inalia mu pori, inaita bibi zake. Kila mwaka minaenda kusikia, kule Ardenne, kando ya mto. Unapashwa kusikia mbele ya kurudia."

"Inalia namna gani?" baba akauliza.

Padri akaweka kijiko chini, akavuta pumzi na kulia. Jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Baba alicheka mpaka akavua kofia, na mimi nilikuwa nimeiacha kamera chumbani.

Hapo ndipo wazo likanijia. Kulungu kitu gani? Sikuwa na shida na kulungu. Lakini mtu anayekwenda porini kupiga picha za wanyama anabeba kamera bila kushukiwa, na mtu anayeangalia mnyama anasahau kuficha uso. Nikamwambia baba ninataka kujifunza kupiga picha, na kwamba ni aibu binti wa fundi kutojua hata kushika chombo. Nilisema kwa unyenyekevu mwingi mno. Aliniangalia muda mrefu.

"Bon," akasema. "Kufundisha, nitafundisha. Kugusa appareil ya foto, hapana. Na kunipiga mimi, hapana kabisa. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, papa," nikasema, na nilikuwa nadanganya.

Alinifundisha jikoni, jioni mbili, na mteja wetu alikuwa birika. La kwanza, kamera haikai usoni. Inakaa kifuani, na wewe uso wako wazi, ili mteja aone mtu asione mashine. Bahati nzuri kamera yangu, niliyoinunua kwa mtu, ina kioo cha nyuma kinachofunuka kwenda juu, kwa hiyo hilo liliwezekana. La pili, miwani inatoka. Kwenye studio kulikuwa na bati la biskuti ambamo kila mteja aliacha miwani yake, maana ndani ya vioo huonekana taa, huonekana pazia, na mpiga picha mwenyewe anaingia kama mwizi. Sheria hiyo naijua vizuri. Mimi navaa miwani mizito tangu nina miaka saba, na katika picha zangu zote za utotoni, alizozipiga yeye ili zipelekwe kwa bibi kijijini, naonekana kama mtu anayetafuta mlango.

La tatu ndilo lilikuwa siri ya kazi yake. Mteja akishakaa, akishafutwa jasho, baba humuuliza swali moja: hii foto utamutumia nani? Mtu akisikia hilo swali anamkumbuka yule wa mbali, na kabla hajajibu uso wake unafunguka. Hapo hapo unabonyeza. Mara moja tu, maana filamu ilikuwa ghali, na maana uso ule haurudi.

"Sasa kulungu nimuulize nini?" nikasema.

"Ile utaona weye mwenyewe," akajibu, akaenda kulala.

Tuliondoka Jumamosi mchana na gari dogo la padri, ambalo linanuka tufaha na mafuta ya taa. Baba alikaa mbele. Alikuwa amevaa suti nyeusi, shati jeupe, tai, kofia ya kijivu. Nilimwambia tunakwenda porini, akaniambia anajua tunakokwenda. Barabara ilipoanza kushuka kwenye bonde la mto Ourthe, misitu pande zote mbili ilikuwa imegeuka rangi ya kutu na asali, na baba akasogea dirishani. Kwao hakuna msimu ambao miti yote inakubaliana kuvua nguo kwa pamoja. Niliona kioo cha pembeni kimeshika nusu ya uso wake. Nikainua kamera polepole, naye akashusha kioo cha dirisha ili akohoe nje.

Tulilala kwa masista wanaomfahamu padri, kwenye nyumba ya mawe karibu na daraja. Baada ya supu padri alikwenda kusali, tukabaki wawili mezani na mkate. Sijui kilichonipa ujasiri. Labda ni kwamba ilikuwa nyumba ya watu, na mtu husema mambo kwenye nyumba za watu.

"Papa, juu ya nini hukupiga mama foto?"

Alichukua makombo ya mkate, akayakusanya mahali pamoja kwa ukucha.

"Kila muntu mwenye aliingia mu studio nilikuwa namuuliza, utamutumia nani? Alors, mama yako ningemuuliza nini? Atamutumia nani? Mimi nilikuwa pale. Yeye alikuwa pale. Foto ni ya muntu mwenye hayuko karibu, mutoto wangu. Ile njo kazi nilijua. Kila siku saa kumi alikuwa anafika na chai, minamuona, minasema, muntu wangu iko hapa, haina lazima." Akayafuta yale makombo. "Donc yeye alienda na bega ya bantu. Mimi nitaenda bila kitu. Ile njo sawa."

Nilitaka kumwambia si sawa. Nilitaka kumwambia kwamba anajihukumu yeye lakini kifungo tutakitumikia sisi wanawe. Badala yake nikaenda kuosha bakuli ambazo masista walikuwa wameshaziosha.

Asubuhi kabla ya jua tulitembea dakika kumi tu, kwa ajili ya moyo wake, hadi kwenye jukwaa la mbao linalotazama uwanda wa majani, na nyuma ya uwanda ule mto. Watu wengine wanane walikuwa wameshafika. Wote walivaa kijani na kahawia, na lenzi zao zilikuwa ndefu kama mkono wa mtu. Msimamizi alikuwa mlinzi wa msitu, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya sufu, ambaye alitupa masharti kwa Kifaransa cha chini chini. Hakuna kusema. Hakuna kusimama. Hakuna manukato. Ukitaka kukohoa, kohoa ndani ya kiwiko. Kisha akaitazama tai ya baba, shati jeupe, viatu vilivyong'arishwa, akafumba macho kidogo kama mtu anayeomba subira. Alimwomba afunge koti. Baba alifunga vifungo vyote mpaka shingoni na kumshukuru.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani. Kisha tukasikia. Padri pale mezani kwangu alikuwa amejitahidi, lakini hakuwa na kifua cha kazi hiyo. Ilikuwa sauti ya kitanda cha chuma kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji, ikipanda kutoka ng'ambo ya mto, ikikatika, ikianza tena, na upande wa pili wa bonde dume jingine likajibu. Niliona mikono ya baba, iliyokuwa juu ya magoti, ikikunja vidole. Nami nilikuwa nimejipanga vizuri: nimekaa pembeni yake kidogo, kamera kifuani, kioo kimefunuka, na macho yangu hayakuwa kwenye uwanda. Nilikuwa nasubiri uso wa baba.

Kulungu alitokea pale ukungu ulipofunguka. Nakiri, nilimsahau baba kwa dakika nzima. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani, shingo nyeusi kwa maji, na pembe zake, matawi juu ya matawi, zimebeba majani aliyoyang'oa njiani, yananing'inia kama mapambo. Nyuma yake walikuja wake zake, sita au saba, wakitembea bila haraka. Alisimama katikati ya uwanda na kuinua kichwa. Zile lenzi ndefu zikasogea pamoja.

Hapo baba yangu akasimama.

Alivua kofia. Akaiweka kwenye benchi. Kisha, magoti yakilia, akachuchumaa pale mbele ya jukwaa, akakunja viganja, akapiga makofi. Polepole, mazito, kama inavyopasa: pa, pa, pa-pa. Akainamisha kichwa, akapiga tena. Kule alikozaliwa, kwa Baluba, mulopwe akipita, mfalme mwenyewe, huwezi kukaa kimya umemkodolea macho kama mtoto asiyefunzwa. Unashuka chini na unapiga makofi. Na huyu alikuja na taji, na wake zake, na sauti iliyomtangulia.

Kulungu aligeuza kichwa akatutazama. Sijui kwa muda gani. Nasema ukweli, kwa kitambo kile alikuwa kama anayepokea salamu. Kisha jike mmoja akaruka, na uwanda wote ukavunjika. Maji yakarushwa mtoni, matawi yakavunjika ng'ambo, na ukungu ukajifunga mahali walipokuwa. Bwana mmoja wa lenzi ndefu alisema neno ambalo sitaliandika.

Mlinzi wa msitu alikuja amepinda mgongo, uso umewiva. "Monsieur! Haiwezekani! Nilisema kimya!"

Baba alikuwa bado chini, anatafuta pa kushika ili ainuke. Alimjibu kwa heshima zote, kwa lugha yake, na padri akatafsiri kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka kwa kicheko alichokibana.

"Anasema, mama, mfalme amepita. Tungekaa bila kumusalimia?"

Yule mwanamke akatazama majani, akakuna paji la uso chini ya kofia. Kisha akamshika baba mkono akamwinua, akamvika kofia yake, na akatuomba, kwa upole kuliko nilivyotegemea, tushuke.

Padri alibaki nyuma kuwatuliza watu. Mimi na baba tukateremka hadi kando ya mto, ambapo kuna benchi la mawe. Na hapo, badala ya kucheka, kama ninavyocheka leo kila nikisimulia, hasira zikanipanda. Nina hasira za karibu, nimezirithi kwa mama. Nilikuwa nimeomba siku kazini, nimepanga, nimeamka gizani, nimesubiri uso mmoja tu wa mtu anayeangalia kitu kizuri, na nilipokuwa namkodolea macho mnyama, uso ule ulikuja na kuinama kuelekea chini. Sikupata hata kofia safari hii.

"Papa, umefukuza nyama ya bantu! Na weye mwenyewe unajificha, unajificha, kila siku unajificha!" Nilikuwa napiga kelele, bata wakaondoka. "Kesho kutwa, mardi, unaenda. Ukikufa tutafanya namna gani? Tutakukata mu foto ya nani? Mu harusi ya nani?"

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Nilisimama pale nikitamani mto unimeze. Hakuna mtoto kwetu anayemwambia baba yake hivyo, hata mlevi. Maji yalikuwa yakipita kwenye mawe kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Baba alitoa leso mfukoni, akafuta umande kwenye benchi, kwanza kushoto kisha kulia, namna alivyokuwa akifuta kigoda cha studio kabla ya kila mteja. Sikuwa nimeuona mkono wake ukifanya vile tangu mama afariki.

"Ikala," akasema.

Nikakaa. Alitazama angani, akatafuta jua lilipo nyuma ya ukungu. Akanishika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza kidogo, akakishusha, akafuta machozi yangu kwa leso ile ile yenye umande, kwa hiyo akanilowesha zaidi.

"Leta appareil."

Nikampa. Alikitazama kile chombo kama mtu anayetazama mtoto wa ndugu asiyemfahamu, akapima uzito, akafunua kioo, akakishika kifuani. Mimi kwa mazoea nikainua mkono kutoa miwani.

"Bakisha," akasema.

"Lakini papa, miwani ita..."

"Minasema bakisha."

Alisogea karibu, karibu zaidi kuliko alivyowahi kumsogelea mteja. Alisimama mgongo kwa mto, uso wazi, akaniangalia mimi, si kioo.

"Hii foto utamutumia nani?"

Ni swali ninalolijua tangu sijajua kusoma. Nilikuwa nimefundishwa swali hilo jikoni siku tatu nyuma, pamoja na hila yake yote. Hata hivyo lilinipata kama mteja yeyote wa Kamalondo. Nilifungua mdomo kusema, weye, papa, nitakutumia weye, na kabla neno halijafika nikasikia kidude kikilia.

"Imetoka," akasema. Akanirudishia kamera, akaweka kofia yake sawa, akaanza kupanda kuelekea garini, na baada ya hatua kumi akasimama kusoma kibao cha njia.

Nilifurahi kwamba ameshika kamera. Lakini nisidanganye, rohoni nilisononeka. Nilimwomba uso wake akanipa wangu, ambao ninao bafuni kila asubuhi. Niliona kwamba amenijibu, na kwamba jibu lake ni hapana.

Jumanne nilimpeleka uwanja wa ndege Zaventem. Kabla ya kupita kule nisikoruhusiwa, alivua kofia akanikumbatia, akaniambia sikioni, "Ile foto uitengeneze muzuri. Uikuze sana." Nikadhani ni majivuno ya fundi. Nikasema ndiyo, papa.

Novemba ikaingia na mvua zake. Picha ilikuwa kwenye kamera, na kamera ilikuwa juu ya kabati, maana sikutaka kujiona na macho mekundu kando ya mto. Ni baba aliyekuwa akinisumbua kwa simu kila wiki: umeikuza? Mwishowe, siku yangu ya mapumziko, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa kuchapisha picha huko Molenbeek, mzee wa Kimoroko mwenye duka dogo karibu na mfereji. Aliifungua kwenye kompyuta yake, akaisifu kwa adabu, akaanza kuivuta iwe kubwa. Akasimama. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Madame," akasema, "ndani ya miwani kuna mtu. Nimfute?"

Nilizunguka meza yake bila kuomba ruhusa.

Alikuwa ndani, kwenye kila kioo, mara mbili. Mzee mwenye kofia ya kijivu yenye utepe mweusi, kamera kifuani, uso wazi. Nyuma yake mto, na ukungu unaofunguka. Macho wazi, yote mawili, na alikuwa amefunguka uso kama wanavyofunguka wale aliowauliza swali maisha yake yote. Alikuwa akiniangalia mimi. Mpiga picha ameingia kama mwizi, na mlango aliniamuru mimi niuache wazi.

"Usimfute," nikasema, na nadhani nilisema kwa sauti kubwa, kwa sababu mtu aliyekuwa mlangoni akasubiri nje. "Usimguse kabisa."

Yule fundi alinipa kiti. Kisha akaniuliza kama nataka amkate huyo mzee peke yake, amkuze atoke vizuri, inawezekana kidogo. Nikafikiri. Nikasema hapana, usimkate mtu, chapa yote ilivyo, kubwa kadiri mashine yako inavyoweza.

Sasa iko ukutani, juu ya meza ya jikoni niliyofundishiwa kumpiga birika. Siku ya baba ikifika, na Mungu aicheleweshe, nitaipeleka Lubumbashi nzima kama ilivyo. Watu watashangaa kwa nini uso uliowekwa mbele ya matanga ni wa mwanamke aliye hai, mwenye pua nyekundu. Watalazimika kusogea karibu ili wamwone marehemu. Wasogee.

Jioni ya siku ile ya kuchapa picha nilimpigia baba simu. Huko kwao alikuwa ameshakula, nilisikia wajukuu.

"Papa, nimekuona."

Akacheka kile kicheko cha kuvua kofia.

"Ulichelewa. Nilizani utaona ile ile siku. Mutoto wa fundi!"

Nilimweleza kwamba nusura afutwe. Akasema huyo wa Molenbeek si fundi. Kisha sauti yake ikashuka, akaniuliza jambo alilokuwa nalo, nadhani, tangu siku tulipomzika mama.

"Bega ya muntu iko mu ile foto?"

"Hapana, papa. Kuko sura yangu tu."

"Bon," baba akasema. "Ile si ya muntu mwingine."